Mguu Uliovutwa Kama Shuka

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tatu leo sikai wala sisimami sawasawa. Nimelala ubavu, mto mmoja chini ya goti, daftari juu ya mto mwingine. Daftari lenyewe ni la Mzee, mume wangu, fundi saa. Kurasa nne za mwanzo ni zake – "saa ya mwalimu inakwenda mbele dakika sita", "ya yule mama mnene haitaki kabisa". Zilizobaki nimezichukua. Asiulize.

Kuandika si kazi yangu, shule niliishia darasa la tano. Lakini nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu, na kwangu mimi hilo linauma kuliko mguu. Kazini wananiita Redio. Wanasema ni kwa mapenzi. Wengine wala si kwa mapenzi.

Basi ilikuwa hivi. Sisi tunafua na kukunja mashuka ya hoteli, chini kabisa ya jengo, mvuke mpaka kope zinalowa. Shuka kubwa likitoka kwenye mashine ya kukausha lina makunyanzi kama uso wa mtu aliyenyimwa usingizi. Wawili mnalishika, kila mtu pembe mbili, mnarudi nyuma hatua moja, mnalivuta kwa mpigo – pwaa – makunyanzi yote yanakimbia. Halafu mnatembea mkutane, pembe kwa pembe. Pale katikati, pua kwa pua, ndipo ninapompa Pacha habari. Shuka moja, habari moja. Hoteli ikijaa naweza kumaliza ndoa ya watu kuanzia posa mpaka talaka kabla ya chakula cha mchana.

Pacha si pacha wangu wa tumbo. Ndiye wa upande wa pili wa shuka, miaka kumi na minne.

Sasa mimi wiki mbili hizi nilikuwa nimejipa ualimu. Niliona kwenye simu ya binti yangu mama mmoja, mvi kichwa kizima, kaweka kisigino juu ya kiti, kalaza paji la uso kwenye goti, na anacheka. Nikasema huyu ananizidi miaka ishirini, mimi nishindwe na nini? Kila mapumziko nikawapanga wenzangu watano mbele ya meza ya kukunjia, visigino juu, tujinyooshe. Tunatoka kukaa, chai bado iko kooni, mara mguu juu. Msimamizi wetu, tunamwita Madam, alikataza siku ya kwanza tu. Kasema meza ya nguo safi si ya miguu. Tukawa tunangoja apande juu ofisini.

Jumamosi paji langu likabaki kama kiganja kimoja kufika gotini. Nikamwambia Pacha nishikie kisigino, uvute kidogo tu nifike. Akakishika kwa mikono miwili. Na mimi mdomo haujatulia, namsimulia ya mpishi na yule dada wa mapokezi. Nikamwona macho yake yako kwa mpishi, hayako kwangu. Akarudi nyuma hatua moja. Mikono yake ikafanya inachofanya kila siku, miaka kumi na minne.

Pwaa.

Nilisikia ndani, nyuma ya paja, kama foronya kuukuu inayochanika. Nikaanguka kwenye rundo la taulo, namshukuru Mungu hayakuwa mashuka ya maji.

Wote nimewaambia niliteleza mwenyewe. Wale watano walikuwa wameinamia magoti yao, hawakuona kitu. Pacha tayari ana barua ya onyo, aliunguza kitambaa cha meza ya harusi mwezi wa kwanza. Madam alimwambia wazi, barua ya pili ni ya kwaheri. Na ana mama yake mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo niliteleza. Mwenyewe. Mdomo huu nitaufunga kwa pini za nguo ikibidi.


Jumatano, 5 Machi

Nimepelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilitegemea kijana amevaa raba, nikakuta mama mtu mzima, mabega kama mlango, mikono baridi kama bomba la asubuhi. Nimempa jina Mama Viungo.

Akaniminya nyuma ya paja, nikamwita mama yangu. Kasema msuli umechanika sehemu, haujakatika. Akauliza niliuchanaje. Nikasema nilijinyoosha, nikateleza.

"Ulikuwa umepasha mwili moto kwanza?"

"Chumba chenyewe cha moto, dada yangu. Kuna mashine sita za kukausha."

Akacheka mpaka kiti kikalia. Kasema chumba kuwa cha moto hakupashi msuli moto, msuli unapashwa kwa kutembezwa. Halafu akaangalia tena mguu. Kasema mtu akijinyoosha mwenyewe hujionea huruma, huwa anaacha kabla. Huu umevutwa.

Nikamuuliza saa yake imekaaje, mbona kama inachelewa, mume wangu ni fundi. Akanielewa, akaacha.

Zoezi alilonipa ni la aibu. Kulala chali, kisigino kiteleze kitandani, kije, kirudi. Mara kumi. Na kutembea ndani ya nyumba dakika tano. Nikamwambia hata mtoto mchanga anafanya zaidi ya hilo. Kasema ndiyo, na mtoto mchanga hajachanika.

Pia niandike kila siku maumivu kwa namba, sifuri mpaka kumi, nimpelekee kwenye karatasi. Karatasi nitampa. Daftari ni langu.

Namba ya leo: 7.


Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kazini, kazi ya kukaa. Foronya tu. Kiti, kimto, foronya, foronya, foronya.

Madam kaniita ofisini, akanisomea barua kwa sauti, anajua kusoma kwangu ni kwa kupanda mlima. Nina mpaka Ijumaa tarehe 4 Aprili. Siku hiyo nitainua vikapu kumi vya mashuka mabichi kutoka sakafuni mpaka mezani, mbele yake, bila kusaidiwa. Nikiweza, narudi kwenye shuka langu. Nikishindwa, nahamia dirisha la sabuni, moja kwa moja.

Dirisha la sabuni liko pembeni kule, kijumba kama kabati la nguo. Unakaa ndani peke yako, mtu anakuja, unampa sabuni, anasaini, anaondoka. Saa nane kwa siku. Mimi! Si bora wanizike nikiwa naongea.

Aliyekuwa anakaa humo tunamwita Kimya. Miaka mitatu yuko nasi, sauti yake sijui kama ni nene au nyembamba. Sasa katolewa dirishani kashika upande wangu wa shuka. Nimekaa na foronya zangu nawaangalia. Anatembea mpaka katikati, anafika puani kwa Pacha, anampa pembe zake, anarudi. Neno hakuna. Pacha macho chini. Ni kama kuangalia watu wanakunja sanda.

Wakati wa kutoka Pacha kanibebea mkoba. Nikamwambia, "Shoga yangu, mbona umekonda kwa siku tano?" Akasema hana hamu ya kula. Nikamwambia mimi ninayo, alete chake. Hakucheka.

Namba: 6. Moyoni sijui wanapima vipi.


Jumapili, 9 Machi

Nimefanya ujinga. Naandika ili nijione.

Mzee alikuwa kaenda kuitazama saa ya ukutani kwa jirani. Mguu asubuhi ulikuwa mwepesi, namba 4. Nikasema kisigino kuteleza kitandani mwezi mzima na vikapu vinaningoja? Nikaingia bafuni, nikaweka mguu ukingoni mwa ndoo kubwa, nikainama. Kidogo. Halafu kidogo tena. Halafu nikawa najirusharusha, juu chini, juu chini, kama yule mama wa kwenye simu.

Sasa niko hapa na barafu kwenye kitambaa cha chai. Mzee kaniuliza kulikoni. Nikasema niliteleza. Kaniangalia juu ya miwani yake ya kazi, ile ya jicho moja.

"Mama watoto, mwaka huu unateleza sana."

Namba: 8. Tumerudi tulikoanzia.


Jumatatu, 10 Machi

8. Sisemi kitu leo.


Jumatano, 12 Machi

Mama Viungo hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisoma karatasi, saba, saba, sita, tano, nane, nane, saba, akaniuliza tu, "Jumapili ulifanya nini?" Nikamwambia yote, hata ndoo.

Akanieleza kwa maneno ya kitaalamu, sikuelewa. Nikamwambia ngoja nikuambie mimi nilivyoelewa, unirekebishe. Shuka likichanika tunalipeleka kwa mshonaji. Siku uzi umepita tu, hulivuti kwa mpigo. Unalifua kwa mkono. Wiki ya pili unalikunja pole pole. Ukilivuta mapema, linachanika palepale, na mara hii tundu ni kubwa zaidi. Akaniambia nitawaeleza wagonjwa wangu hivyohivyo. Nikatoka kifua mbele, mguu nyuma.

Masharti yake, nimeyaandika kwenye karatasi ya kalenda nikabandika mlangoni mwa choo:

Kutembea kwanza dakika tano, ndipo zoezi. Kujirusharusha marufuku. Ukisikia unavuta, sawa, baki hapo. Ukisikia unauma, rudi. Kuvuta na kuuma ni vitu viwili, usijidanganye. Pumua, ukiona unabana pumzi ujue umezidisha. Na mtu mwingine asikuvute mguu, hata akiwa anakupenda.

Hilo la mwisho aliliongeza yeye mwenyewe, ananiangalia.

Namba: 6. Na safari hii nasema kweli, wiki tatu na siku zake zimebaki, ninafuata kila neno la mwanamke yule. Dirisha la sabuni halinipati.


Jumatatu, 17 Machi

Sasa nanyanyua makalio. Unalala chali, magoti umekunja, unanyanyua, unashikilia, unashusha. Mara nane, unapumzika, mara nane tena. Mzee ananihesabia. Mke wa fundi saa hana pa kuibia jamani, sekunde kumi zake ni kumi kamili, anasikiliza ile ya ukutani. Nikishusha kwenye tisa ananirudisha.

"Hiyo haikukamilika."

"Mzee, ni sekunde moja tu."

"Sekunde moja ndiyo inayoleta watu dukani kwangu."

Mwisho akalala sakafuni naye, kasema mgongo wake unamuuma kwa kuinama kwenye saa. Akanyanyua mara tatu, ya nne akatoa mlio sijausikia tangu fungate. Binti yetu akaja mbio kutoka jikoni, akatukuta wote chali, magoti juu, akarudi jikoni bila kuuliza.

Namba: 4. Ya kweli.


Ijumaa, 21 Machi

Leo mapumziko Kimya kaongea.

Nilikuwa natembea zile dakika tano zangu, kuzunguka meza, kuzunguka mashine, kurudi. Nikifika kona ya dirisha la sabuni namkuta kasimama pale na kikombe. Kasema, sauti nene, sikutegemea:

"Niliona aliyeuvuta mguu."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Sikuwahi kufikiria. Dirisha la sabuni linatazama meza moja kwa moja! Wale watano walikuwa wameinama lakini yeye alikuwa kakaa kiti cha mbele kabisa.

Nimesambaza habari za watu tangu nina meno. Ya mpishi ni mimi. Ya mhasibu na wigi lake ni mimi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemshika mtu mkono nikamwambia, tafadhali, dada yangu, usiseme. Maneno yenyewe sikujua yanakaa wapi mdomoni.

Kimya kanywa chai yake. Kasema, "Nimwambie nani? Mimi huwa naongea na nani?"

Nikamwambia Madam.

Kasema hataki kukunja mashuka. Anataka kurudi dirishani kwake, kule kuna amani. Pacha kila wakifika katikati anamdondoshea machozi kwenye nguo safi, wanarudisha shuka kufuliwa. "Pona," kaniambia. "Pona upesi." Akaenda zake.

Kumbe tuko wengi tunaongoja mguu huu.

Namba: 3.


Jumapili, 23 Machi

Pacha kaja nyumbani. Mzee kampisha sebule, kaenda na saa zake barazani.

Nilimwambia mbele ya uso, acha kulia kwenye mashuka ya watu. Akalia kwenye kitambaa changu cha kochi. Akasema anataka kwenda kwa Madam, aseme. Nikamwambia ukienda ukasema, nitakuwa nimejiuma ulimi mwezi mzima bure, na ulimi wangu unajua ulivyo. Akasema, "Redio, mikono yangu naiogopa. Nalishika shuka naona mguu wako."

Nikamsogezea chai. Hakuigusa.

Halafu nikafikiria jambo. Jumatano Mama Viungo alikuwa kaniambia hata nikifaulu vikapu, ule mpigo wa shuka wa kila dakika ndio utakaonirudisha kwake. Mguu wa nyuma unakaza, mwili unatupwa, pwaa, mara mia tatu kwa siku. Kasema mtafute namna nyingine ya kulivuta. Nikamwambia hakuna namna nyingine. Kasema kuna siku hakukuwa na hii.

Nikamwambia Pacha inuka. Nikatoa shuka la kitanda chetu. Tukasogeza kochi. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, magoti laini, tunaegemea pole pole mpaka shuka linakaza lenyewe. Tunahesabu moja, mbili, tatu. Bila mpigo.

Mara ya kwanza mikono yake ikapiga yenyewe. Pwaa. Akaliachia shuka kama limemuunguza. Mara ya pili, pwaa. Ya tano, pwaa. Akaniambia haiwezekani, hii mikono si yangu tena, ni ya hoteli. Nikamwambia rudia. Mara ya kumi na mbili nadhani – Mzee alikuwa anahesabu kule barazani, alitujibu kupitia dirishani, "Ya kumi na nne" – shuka likakaza kimya. Makunyanzi yakaondoka. Si yote. Mengi.

Tukatembea tukakutana katikati. Pua kwa pua. Nikamwambia mhasibu kanunua wigi jipya, la rangi ya shaba. Akacheka huku kamasi zinamtoka.

Namba: 2. Leo mguu uliniuma nilipokuwa nacheka tu.


Alhamisi, 27 Machi

Ndoo ya maji nusu, kutoka sakafuni mpaka kwenye kaunta ya jikoni. Sita. Magoti ndiyo yanayokunjwa, mgongo haujui kitu, ndoo karibu na tumbo kama mtoto. Hakuna kuuma. Kuvuta kidogo kwenye ya sita, nikapumzika dakika moja, kukaisha.

Mama Viungo kaniruhusu ndoo nzima kuanzia Jumamosi. Kaniruhusu pia kujinyoosha, lakini kwa taulo yangu mwenyewe. Unalala chali, taulo unaipitisha nyayoni, unavuta mwenyewe, pole pole, unashikilia sekunde thelathini. Paji la uso halina shughuli gotini, kasema. Nikamuuliza yule mama wa mvi wa kwenye simu je? Kasema yule huenda anajinyoosha tangu utotoni, na wewe hujaonyeshwa alivyofanya nusu saa kabla ya kuwasha kamera.

Hilo limenikaa. Sisi sote tuliona mwisho wa kazi, tukaanzia hapo.

Nimewaambia wale watano leo. Wakitaka kujinyoosha na mimi tena, kwanza tunatembea kuzunguka mashine, dakika tano, hakuna kikombe mkononi. Na meza hatuigusi, Madam alikuwa na haki kwenye hilo, ingawa sitamwambia. Wawili wamekubali. Mmoja kasema siku hizi Redio imehamia kwenye kipindi cha afya.

Namba: 1.


Jumanne, 1 Aprili

Vikapu vya kweli nimejaribu viwili, Kimya kasimama mlangoni kuangalia kama Madam anashuka. Kikapu cha mashuka mabichi si ndoo. Kinayumba, maji yanakimbilia upande mmoja. Cha pili nilikitua mezani nikasikia mguu unanong'ona. Haukuuma. Ulinong'ona.

Viwili. Vinatakiwa kumi.

Mzee kaniambia usiku tukila, hata dirisha la sabuni ni kazi. Anasema vizuri, ni mume mzuri. Nikamwambia saa ikikaa kwenye kabati inafanya kazi? Akala.

Namba: 2. Naandika mbili kwa sababu ni mbili. Zamani ningeandika moja.


Alhamisi, 3 Aprili

Sijafanya zoezi lolote zito leo, ni amri. Mama Viungo kasema siku moja kabla msuli upumzike. Kupumzika nako kumenishinda kuliko vikapu. Nimetembea, nimekunja soksi za nyumba nzima, nimepanga vikombe kwa ukubwa.

Nilimuuliza nikisikia unauma kesho katikati, nifanye nini. Mbele ya Madam, mbele ya wote. Kasema unajua. Nikasema najua, nataka unidanganye. Kasema hapana.

Namba: 1.


Ijumaa, 4 Aprili

Mwandiko unaruka. Naandika juu ya rundo la taulo, nimesimama, miguu inatembea palepale. Nikisimama kabisa msuli utapoa. Daftari nililiweka kwenye mfuko wa aproni asubuhi, sijui kwa nini, labda kama mtu anavyobeba leso.

Madam alishuka saa nne kamili. Chumba kizima kikaacha kazi. Mashine tu ndizo zinaendelea. Vikapu kumi vimepangwa mstari, vinadondosha maji.

Akasema anza. Nikasema bado, Madam, natembea kwanza dakika tano. Kasema hana dakika tano. Nikamwambia mimi ninazo, na nikaanza kuzunguka. Sikumwangalia. Nilikuwa naogopa nikimwangalia nitaanza kumsimulia kitu. Nilizunguka meza, nikazunguka mashine, wale wawili wa darasa langu wakaingia nyuma yangu, nao wanatembea, uso hauna habari. Dakika tano. Akangoja.

Cha kwanza, cha pili, cha tatu, magoti, tumbo, pumzi. Cha nne. Cha tano. Cha sita nilipokitua nikasikia unavuta. Si kuuma. Nilijiuliza kwa haki, kama mtu anayejibu mahakamani, unauma au unavuta? Unavuta. Mwanamke wa mwezi uliopita angekamata cha saba upesi kabla mtu hajaona. Nikaweka mikono kiunoni, nikasema kwa sauti:

"Naomba dakika moja. Mguu unavuta."

Madam kaangalia saa yake. Kasema barua haikusema kitu kuhusu dakika. Vikapu kumi, basi.

Halafu ile sauti nene kutoka mlangoni mwa dirisha la sabuni:

"Mpe dakika."

Watu wote waligeuka. Kuna ambao hawakujua imetoka kwa nani. Madam mwenyewe kageuka mara mbili. Na kabla hajajibu, Pacha kaacha upande wake wa shuka, kasogea mbele, mikono kaifungia kwenye aproni. Nilimtolea macho. Nilimtikisia kichwa mpaka kitambaa kikalegea. Hakuniangalia.

"Madam," kasema, "hakuteleza. Mimi ndiye niliyemvuta mguu. Yeye amenificha mwezi mzima."

Mwezi mzima! Siri ambayo Redio kaitunza, mwenyewe kaitangaza kwa nusu dakika.

Madam akauliza kama ni kweli. Akaniuliza mimi. Na mimi, mwenye maneno ya wote, nikakuta lililobaki mdomoni ni moja tu. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia avute." Ndiyo kweli pia. Hiyo sikuwa nimemwambia mtu, hata humu sikuiona vizuri mpaka leo.

Kasema, "Msiguse kitu. Nakuja." Kapanda ofisini. Kwenda kuchukua faili, la nani, hakusema. Labda langu, labda la Pacha, labda yote mawili.

Dakika yangu imepita muda mrefu. Mguu hauvuti tena. Sifuri, naandika, sifuri. Vinne vimebaki vinadondosha maji.

Pacha karudi upande wake. Kachukua shuka lililotoka kwenye mashine, kanitupia pembe mbili. Madam alisema tusiguse kitu. Naweka kalamu mdomoni, nashika.

Tumelivuta. Mguu mmoja mbele. Moja, mbili, tatu. Hakuna mpigo. Limekaza kimya, chumba kizima kimeona.

Tumekutana katikati. Nilifungua mdomo nimpe habari, akaniambia, "Wewe tembea tu, usipoe."

Natembea. Viatu vya Madam vinashuka ngazi, nasikia kisigino, kisigino. Nitamwomba dakika tano upya kabla ya cha saba. Akizikataa, nitaanza kuzunguka tu.